Injini Inazima Mlimani, na Shemeji Ameniomba Ninyamaze

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nikikaa kimya siku hiyo nitawapakia watoto wangu na mama mkwe wangu kwenye gari ninaloliogopa kuliko ugonjwa, na nikisema ninachokijua nitawagombanisha ndugu waliozaliwa tumbo moja.

Mimi ni mama wa mapacha, nashona sare za shule nyumbani, na kabla ya kuolewa niliendesha gari la kusambaza mkate, mvua na jua, kwa hiyo usukani si mgeni kwangu, na nalisema hili mapema kwa sababu nimeambiwa na watu wengi kwamba sijui kuendesha mpaka mwenyewe nimeanza kujishuku.

Gari letu tulilinunua jipya, na aliyetuuzia ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni muuzaji kwenye duka la wakala wa magari hayo, nasi nyumbani tunamwita Bosi Mdogo kwa ajili ya tai zake. Siku ya kulichukua alilifunga utepe kwenye boneti, tukapiga picha, mume wangu akamkumbatia mdogo wake mpaka machozi yakamlengalenga, maana huyo kijana alimlea mwenyewe baada ya baba yao kufariki.

Mara ya kwanza kuzima nilikuwa natoka kununua vitambaa, nimemaliza kupanda ule mlima mrefu wa hospitali, magari yamesongamana kule juu tunakwenda kwa kujivuta, mara nikasikia kimya. Si mlio, si moshi, kimya tu, kisha taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, usukani ukawa mzito, breki ukikanyaga ni kama unakanyaga ukuta. Watu wakanipigia honi na kunitukana, na baada ya muda kidogo nikawasha, likawaka kama vile halijafanya lolote.

Nilipomweleza mume wangu alilichukua akazunguka nalo mtaani, akarudi akasema liko salama. Yeye anaenda kazini kwa barabara tambarare, ofisi yake si mbali, injini haipati hata joto la kueleweka, kwa hiyo kwake halijawahi kuzima. Mimi ndiye ninayepanda mlima.

Tukalipeleka gereji ya wakala, likalala huko, tukaambiwa halina kosa. Likazima tena, tukalirudisha, tukaambiwa tena halina kosa, na safari hiyo mkuu wa gereji alinikalisha ofisini kwake na mume wangu yupo, akageuza skrini tuione.

"Mama, kompyuta haina sababu ya kusema uongo," akaniambia. "Ingekuwa injini ina tatizo ingeandika hapa. Labda unakanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Hutokea, hasa mtu akiwa na wasiwasi."

Nikamwambia nimeendesha gari la mkate miaka mingi. Akatabasamu, akamtazama mume wangu, na mume wangu naye akatabasamu, mshauri, na tabasamu lile liliniuma kuliko maneno.

Sasa siku hiyohiyo, wakati mume wangu ametangulia nje, kwenye viti vya kusubiria kulikuwa na mzee mmoja kinyozi ana gari kama letu, akaniinamia akauliza taratibu, "Lako linazima likishapata moto?" Nikamwambia ndiyo, akasema, "Mimi wameniambia niko peke yangu." Nikamwambia na mimi nimeambiwa hivyo. Kabla hatujaendelea binti wa mapokezi akaja akamwita kwa haraka, akampeleka chumba kingine, sikumwona tena.

Jumapili iliyofuata Bosi Mdogo alikuja kula kwetu, na alipotoka uani kunawa mikono nikamfuata, nikamuuliza magari yanayozima ni mangapi. Akatazama mlangoni kwanza.

"Yapo," akasema. "Kiwandani wanajua. Sisi tumeambiwa tungoje maelekezo, tusizungumze na wateja."

"Na watu waendelee kuyaendesha?"

Alijifuta mikono muda mrefu, imeshakauka anaendelea kujifuta. "Shemeji, usimwambie kaka. Kaka namjua, ataenda pale kufoka, watajua siri imetoka kwangu na kazi ndiyo imekwisha. Mke wangu ana mimba."

Nikarudi ndani nikapakua chakula, nikamwekea na yeye.

Haukupita muda nikampeleka mama mkwe kliniki ya macho, na palepale mlimani, si juu safari hii bali katikati, kimya kile kikaja. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, likasita, likateleza, likashika, na nilipoangalia kioo sikuona barabara, niliona bampa la lori la mchanga tu limejaa kioo kizima. Dereva wake aliwahi kufunga breki. Angechelewa kidogo tu, nisingekuwa naandika.

"Limezima?" mama mkwe akauliza.

"Limezima, mama."

Akanishika mkono, wake wa baridi, wangu wa jasho, akasema, "Tusimwambie mwanangu. Atasema ulitaka kuniua." Alisema kwa wema, kunikinga, nami nikaitikia.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, amejifungua, na Jumamosi mume wangu yuko kazini, ameamua mimi ndiye nimpeleke mama na mapacha wakamwone mtoto, na barabara ya kwenda huko inapita mlima uleule na mwingine nyuma yake. Nilipojaribu kusema tukodi gari akaweka kijiko chini. "Kama hutaki kumpeleka mama yangu, sema hutaki. Usiisingizie injini." Nikasema nitampeleka.

Tangu nimesema hivyo akili haiko kwenye cherehani, juzi nimeshona mkono wa shati nje ndani, na nimejikuta natamani mmoja wa watoto apate homa ndogo safari ivunjike, halafu najilaani kwa kumwombea mwanangu ugonjwa. Nikimwambia mume wangu alichoniambia mdogo wake, nyumba mbili zitaungua. Nisipomwambia nitawafunga watoto mikanda kwa mikono yangu mwenyewe. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiandika chini, ila usiitoe gazetini.

Ni mimi, Mama Mapacha

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mapacha, gazeti hili lilikuwa litoke baada ya Jumamosi yako, kwa hiyo sikungoja. Nilikupigia simu, ukapokea huku cherehani inanguruma, na sasa naandika kwa ruhusa yako yale tuliyosemezana na yaliyofuata, kwa sababu nina hakika wapo wasomaji wanaoshika usukani wakiwa na hofu kama hiyo.

Nilikupa pole, kisha nikakukemea, na nakukemea tena hapa. Ulisema utampeleka ilhali moyo unaijua hatari. Uliogopa mume atanuna, ukaogopa shemeji atafukuzwa, ukaogopa mama atalaumiwa, na hofu zote hizo ukaziweka mbele ya lori la mchanga. Mume akinuna hubembelezwa. Lori halibembelezwi.

Nilikuambia mambo mawili tu siku ile. Gari hilo asipande mtu yeyote, si mama, si watoto, si wewe. Na ukazungumze na mumeo jioni hiyohiyo, mama mkwe akiwa ameketi ubavuni mwako, kwa kuwa yeye ndiye shahidi na mumeo hawezi kumwita mama yake mwongo.

Ulifanya hivyo, na hongera. Umenisimulia kwamba mumeo alicheka mwanzo, akasema mama haoni vizuri, atajuaje kilichotokea. Na mama akamjibu, "Macho ndiyo mabovu, mwanangu. Masikio yangu hayana kitu. Injini ilinyamaza, na mkeo ndiye aliyeniokoa." Hapo ndipo ukamweleza na ya kinyozi, na ya mdogo wake uani.

Alichofanya baadaye sikukishauri na nisingekishauri kwa adui. Alichukua ufunguo, akasema ataupanda huo mlima mwenyewe ili kelele ziishe, akatoka. Ulisimama getini ukiwa umeshika simu kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa ndani anazungumza na Mungu kwa sauti. Mapacha walikuja kuuliza baba kaenda wapi ukawaambia dukani. Simu ilipolia ilikuwa namba ya mumeo, ila sauti ya mwanamke, muuza mboga wa kule mlimani, akasema, "Dada, usishtuke, mwenye simu hii yupo hai." Umeniambia ulikaa chini palepale kwenye vumbi kabla hujasikia sentensi ya pili.

Ulimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, mdomo umepasuka, gari limelalia ubavu mtaroni, na lingine, la mtu asiye na hatia, limepondwa taa. Ulipomkaribia alisema neno moja, "Limezima."

Mshukuru Mungu, kisha tuingie kazini, maana ulinipigia tena juzi una swali jipya. Mkuu wa gereji amekuja kwenu na gari la kuvuta, amekuwa mpole kama si yeye, anataka kubadilisha injini bure, ila kwanza mume wako asaini karatasi kwamba ajali ilitokana na mwendo wake na kwamba hatazungumza na mteja mwingine yeyote. Mumeo amechoka, ana aibu, anataka kusaini yaishe. Unaniuliza asaini?

Asisaini. Mtu anayekupa injini bure huku anataka ukiri kosa lisilo lako anajua vizuri ile ya kwanza ina nini. Gari, maadamu mmeshalitoa mtaroni, libaki hapo nyumbani kwenu mpaka mpate fundi wenu, asiyelipwa na wakala, na injini isifunguliwe bila yeye kusimama hapo na kupiga picha kila kinachotolewa. Wakishalivuta peke yao, kitakachokuwa kibovu kitapotea na kompyuta yao itaendelea kusema ukweli wao.

Kisha andikeni. Maneno ya ofisini kwa wakala hupeperuka, na umeshaona yanavyopeperuka. Andikeni kwa kampuni iliyotengeneza gari, moja kwa moja, msipitie kwa wakala, mkitaja namba ya chesisi, kila mara mlipolipeleka gereji na mlichojibiwa, na ambatanisheni risiti za huko, hata zilizoandikwa "halina kosa", hizo hasa. Semeni wazi lilizima likiwa na moto, mlimani, na gari likarudi nyuma. Nakala pelekeni kwa ofisi ya serikali inayotetea wanunuzi na kwa bima yenu. Mtake gari la kutumia wakati mnangoja, na mkiambiwa hakuna, mtake wakatae kwa maandishi.

Na mtafute kinyozi. Vinyozi hawajifichi, uliza. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa wasiwasi wa mwanamke. Ya watu wawili wasiojuana huwa kesi.

Baba Mapacha, najua utasoma hapa, mkeo amesema hununua gazeti hili kwa ajili ya michezo. Michezo iko nyuma, utafika. Siku ile ofisini ulitabasamu na mtu baki dhidi ya mkeo, na nusura tabasamu hilo likuzikie mama. Mwambie samahani, umtamkie, mama yako akisikia, usimnunulie kitenge badala ya maneno.

Linabaki la Bosi Mdogo, ambaye mumeo hataki hata kulisikia jina lake, na ambaye unasema amekuja getini mara mbili akarudi bila kubisha hodi. Mama Mapacha, mfungulie. Mkaribishe, aone mdomo wa kaka yake ulivyopasuka, naye kaka akae kimya amsikilize. Kijana aliogopa njaa, na njaa inatisha, simcheki. Lakini mtoto atakayezaliwa hatalishwa kwa watu kupondwa mlimani. Akiwa tayari kuisema kweli, aiseme mbele ya ofisi ya wanunuzi na si uani, na hapo mtamsimamia, kazi ibaki au iende.

Hayo yana siku zake. Kuna la leo. Watu aliowauzia magari yale anawajua kwa sura na kwa simu, maana kila mmoja alimfungia utepe. Mkalishe mezani kwako, mpe chai, mpe na simu yako kama anaogopa kutumia yake, aanze kuwapigia mmoja mmoja sasa hivi, mchana huu, kabla hawajatoka kazini na kuwasha magari kurudi nyumbani.