Meza Zilizochukua Kazi ya Mama Yako

Mtaa wa Kitaji,
S.L.P. 1126,
Musoma.

Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa kaka Wenceslaus,

Nakusalimu kutoka kwetu Musoma, nikiamini baridi ya Songea haijakugandisha vidole vya kufungulia bahasha. Wifi Esther hajambo? Na watoto je? Nasikia Clementi ameanza darasa la kwanza na kila asubuhi analia akiachwa getini. Mwambie shangazi yake naye alilia hivyo hivyo, mpaka mwalimu akataka kulia pia. Sisi hatujambo. Mume wangu Benson kifua kilimsumbua mwezi wa nne, sasa kimetulia. Ziwa limejaa mwaka huu, watu wa chini kule Makoko wanavuna samaki mahali walipopanda mahindi.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kila nikipiga, wewe hunitangulia kuuliza mama hajambo, nami hujibu hajambo, yuko jikoni. Ndiyo maana leo nimetoka misani nikanunua karatasi. Karatasi hainiulizi kitu.

Kaka, mama yako hayuko jikoni. Hayuko kwangu kabisa. Tangu mwezi wa tatu anakaa Butiama, kwenye nyumba ya marehemu babu, na sababu ya yeye kwenda huko ni mimi. Usishtuke, haumwi. Aliniomba nisikwambie kwa sababu hataki ujue kwamba hana kazi, na akiongea na wewe husema yuko Musoma. Nimemtii miezi mitatu, na sitajifanya ni kwa heshima. Nilimtii kwa sababu ilinifaa.

Unaijua kazi yake tangu marehemu mama yangu alipofungua mgahawa. Shangazi Marieta, mama yako, hakuwa mpishi. Kazi yake ilikuwa kutaja. Mtu akikaa tu, anamwendea, anamsalimia, anamwuliza katoka wapi na kwao ni akina nani, ndipo anaanza: kuna sato wa kuchemsha, kuna sangara wa kukaanga, kuna makongoro, kuna dagaa, kuna ugali wa muhogo, kuna wa mtama. Kama ukoo wa mtu una mwiko na samaki fulani, samaki huyo hatajwi mezani kwake, kana kwamba siku hiyo hakupikwa. Hajui kusoma, lakini sijawahi kumwona akikosea. Na kwa kuwa wateja wote walimwita Mama Wensi, jina lako limeitwa pale ndani kuliko langu mwenye mgahawa.

Sasa sikiliza kiherehere changu. Novemba nilikwenda Mwanza kwenye semina ya wajasiriamali. Hoteli tuliyolala haikuwa na mtu wa kukwambia kuna nini. Mezani palikuwa na kibandiko cha QR, vile viraba vyeusi na vyeupe; unakielekezea kamera ya simu, menyu inafunguka na picha zake, unabonyeza, chakula kinakuja. Nikaona aibu ya mgahawa wangu. Nikamwona mama yako amesimama juu ya wateja anataja samaki kama mwalimu anayeita majina ya darasa. Niliporudi hazikupita siku mbili nikamtafuta Dotto, yule mwenye stesheneri karibu na stendi. Akanitengenezea vibandiko kumi na viwili, kimoja kila meza, oda zote zinaingia kwenye simu yangu pale kaunta.

Sitakudanganya, vijana wa benki walipenda. Walikuja na wenzao, wakapiga picha. Lakini mtu akiingia, shangazi alikuwa bado ananyanyuka. Anafika mezani, anaanza kuna sato, na kijana anamwinulia kidole bila kutoa macho kwenye simu. Nikavumilia wiki moja. Kisha nikamwambia akae nyuma atusaidie kuparua magamba, magoti yake yapumzike. Nilisema magoti, na yeye alijua sisemi magoti. Akajibu sawa, akachukua kisu.

Unamkumbuka Mzee Lukas wa Guta, mkulima wa pamba, aliyekuwa akikuletea miwa ulipokuwa mdogo? Hajawahi kufika Musoma akala pengine. Wiki ya tatu ya Kwaresima mkewe, mama Justina, alikuwa amelazwa hospitali hapa mjini. Mzee akaja mchana, kama saa saba, akakaa meza ya mlangoni, akavua kofia na kuiweka juu ya kibandiko. Simu yake ni kitochi, na hata angekuwa na simu kubwa asingejua kofia imekalia nini.

Wewe umelelewa nyumba niliyolelewa mimi. Kwetu mtu mzima haombi chakula. Anatajiwa, kisha anachagua, tena huanza kwa kusema ameshiba. Mzee Lukas alikuwa anasubiri kutajiwa. Mimi nilimsalimia kutoka kaunta, nikarudi kwenye simu yangu kuangalia oda. Meza yake haikuleta oda, nikadhani anamsubiri mtu. Alikaa pale mpaka saa nane na nusu. Halafu akachukua kofia, akanisogelea, akaniaga vizuri kabisa na kunishukuru. Nami nikamwambia karibu tena.

Baada ya muda shangazi akatoka nyuma anajifuta mikono, akauliza Mzee Lukas amekula nini, maana alisikia sauti yake. Nikaangalia simu. Nikaangalia meza. Hapakuwa hata na glasi ya maji. Shangazi akajaza hotipoti sato na ugali wa mtama, akatoka mbio na magoti yale yale niliyoyahurumia. Alipofika hospitali muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, mlinzi hakumruhusu. Akarudi na hotipoti imejaa, akaiweka kaunta mbele yangu.

"Skola," akasema, "mimi nilikuwaga nawatajia watu chakula. Sasa kama meza ndiyo inataja, mbona haikumtajia Lukas?"

Tulikuwa tumefunga Kwaresima, kaka, tunajinyima wenyewe kwa hiari, nami nimemtoa mzee na njaa mlangoni. Asubuhi yake mama yako alikunja vitenge vyake, akapanda gari la Butiama. Nilimsindikiza stendi tukiongea habari za mvua.

Vibandiko nilivibandua wiki ile ile. Kile cha mlangoni kimegoma, Dotto aliweka gundi ya kweli. Kimebaki nusu, na ukikiskani hakifungui kitu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nambeba mgongoni mwezi wa tatu sasa na hataki kushuka.

Baada ya Pasaka nilikwenda Bunda, nikafika Guta kuomba radhi. Mama Justina amepona, anapalilia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Musoma, lakini Mzee Lukas alinikalisha na kabla sijafungua mdomo akaanza: kuna ugali wa mtama, kuna mgagani, kuna maziwa ya mgando, mwanangu utaanza na kipi? Nilipomweleza kisa chote akasema hakukasirika, ila siku ile alidhani tumekuwa na jambo letu na hatukutaka ale. Kila nyumba ina siku zake, akasema. Nikarudi na jogoo niliyepewa mimi, mkosaji.

Ndipo nikapata ujasiri wa kwenda Butiama. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda. Mama yako alinipokea vizuri, akauliza kifua cha Benson, akanionyesha viazi vyake. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akasema amenisamehe siku nyingi, ninyanyuke nitachafua nguo. Nikamwomba turudi wote. Akasema magoti yanauma. Neno nililompa mimi ndilo alilonirudishia.

Mchana ukafika, akaniletea chakula. Akaweka sahani, akaifunua, akakaa pembeni yangu. Hakutaja kitu. Nilisubiri nikidhani anavuta pumzi, lakini alikuwa anatazama nje tu. Kaka, tangu nikiwa msichana sijawahi kuuona mkono wa mama yako ukishusha sahani kimya. Nilikula nikaimaliza. Ukiniuliza leo nilikula nini, sijui.

Sikuandikii ili unitetee kwake, wala usimwambie kwamba nimekuandikia. Kunigombeza unigombeze, ni haki yako, ila nina ombi moja. Ukimpigia simu, ukishamaliza salamu, mwulize leo kapika nini. Huenda akajibu kwa mkato. Mwulize tena siku nyingine, na nyingine. Akianza kutaja, hata kama ni ugali na dagaa tu, mwache ataje mpaka mwisho. Mimi nilimkatiza. Wewe usimkatize.

Benson anakusalimu, na Mzee Lukas na mama Justina pia wamekutaja kwa wema. Nisalimie sana wifi Esther, na Clementi umpe pole ya shule. Mungu awatunze, awape chakula na mtu wa kuwaambia kuna nini.

Ni mimi dada yako akupendaye, leo kwa aibu,

Scholastika