Jina Nililolikata Kwenye Kanda ya Masafa

Jumamosi jioni. Mvua ya Kyela haina adabu. Imeanza alfajiri, ikatupa nafasi mchana tufanye soko, na sasa imerudi kupiga mabati mpaka sisikii hata vitufe vya kompyuta. Nimejifungia dukani peke yangu. Hakuna anayekuja kuchapisha barua kwenye mvua kama hii, na kwa mara ya kwanza tangu nianze blogu hii nakaa kuandika juu ya muziki huku moyo umekunja uso.

Najua mnasubiri. Tangu kanda mpya ya Masafa iingie mjini naulizwa kila kona: Tumpe, vipi, mbona kimya? Wewe uliyekuwa unamsifu mtu mpaka akipiga chafya?

Haya. Niseme basi.

Kwa asiyemjua, Masafa ni kijana wetu wa Kasumulu, pale mpakani. Alianza na kinanda kidogo cha betri, akipigia harusi za huku na za ng'ambo ya mto Songwe kwa ndugu zake wa Malawi. Sasa yuko Dar, anatengeneza muziki wake wote kwenye kompyuta, na redio zinamgombania. Aliyenifundisha kumpenda ni kaka yangu Ambokile. Alikuwa utingo wa malori ya mpakani, na kanda ya kwanza ya Masafa aliileta nyumbani kaificha ndani ya gunia la mchele isilowe. Tuliisikiliza mpaka ikaanza kukoroma.

Kanda hii mpya ni nzuri. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu. Zamani ngoma zake za kompyuta zilikuwa kavu, ungedhani mtu anagonga debe tupu. Safari hii zina nyama. Wimbo wa kwanza besi inaingia taratibu, inakaa, halafu kinanda kinakuja juu yake bila haraka yoyote. Wa pili ameuchota moja kwa moja kwenye ngoma za upande wa mama yake kule ng'ambo, na hata mtu mwenye goti bovu atatikisika. Wa tatu ungebaki studio. Mpenzi nakufa, mpenzi nafufuka, mpenzi nakufa tena. Aka! Kafie kwenu, tupumzike.

Halafu unageuza kanda.

Upande wa pili, wimbo wa kwanza kabisa, unaitwa "Mzigo". Unaanza na sauti ya mwanamke peke yake, anaimba Kikisi, lugha yetu ya ziwani. Njoo ubebe, mzigo uko mlangoni. Njoo, njia inakungoja. Ngoma zinaingia chini yake polepole, na kila baada ya maneno machache kunalia kikengele cha kinanda, ting, kitamu mno. Masafa anamwitikia kwa Kiswahili. Vijana wanaopakia malori pale Kasumulu wameshaufanya wimbo wa kazi. Wanainua gunia, wanaimba njoo ubebe, wanalitupa juu ya lori, wanacheka.

Ndio wimbo bora aliowahi kutoa. Nauona hivyo mpaka sasa hivi, na hilo ndilo linalonitesa.

Sauti ile ni ya mama yangu.

Na pale kinapolia kikengele palikuwa na jina la kaka yangu.

Ambokile alikufa mwaka juzi, homa ilimpanda kichwani. Siku ya mazishi Songwe ilikuwa imefurika, mjomba akakwama Karonga hakuweza kuvuka. Nikaazima redio ya kurekodi ili angalau aje asikie kwaya na maneno ya mchungaji. Jeneza lilipofunikwa mama alianza kuita. Ambokile ndiye aliyekuwa akimbebea vyungu vyake kwenda soko la Jumamosi, basi mama akamwita kama alivyokuwa akimwita kila Jumamosi alfajiri. Ambokile, njoo ubebe. Ambokile, mzigo uko mlangoni. Sikuzima redio. Kanda moja ikaenda kwa mjomba, na nakala yake nikabaki nayo mimi.

Kabla ya Krismasi iliyopita Masafa alikuja kumsalimia mama yake, akapita hapa dukani kusoma barua pepe. Loo! Nilidondosha karatasi zote. Tena akaniambia huwa anaisoma blogu yangu, kwamba mimi nina sikio. Mtu akishakwambia una sikio, unampa na macho. Alisema anatafuta sauti za nyumbani, sauti za kweli. Nilikimbia chumbani kwangu nikaleta ile kanda. Sikumwuliza mama. Hata wazo la kumwuliza halikupita, na kama lilipita nililifukuza.

Baadaye alinipigia simu kutoka studio. Akanisikilizisha. Akauliza, "Dada Tumpe, hili jina niliache?"

Aliniuliza. Sitaki hapa nimsingizie mtoto wa watu, aliniuliza kwa heshima kabisa.

Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu, "Likate. Ni refu, linavuta mdundo nyuma. Weka kitu chepesi."

Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kimuziki. Kweli kidogo ilikuwamo, jina lilikuwa linaburuta mdundo. Lakini kilichonituma kusema vile ni woga. Jina likibaki, kuanzia Kasumulu mpaka ziwani kila mtu atajua ni kilio cha nani na kimetoka kwa nani. Likitoka, ni wimbo tu. Nilimtoa kaka yangu ili nisijulikane.

Kanda ilipofika nikafungua kava. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika: Na dada Tumpe wa Kyela, sikio langu la nyumbani.

Jina langu limo. La kaka yangu halimo.

Leo asubuhi nikapanda pikapu kwenda ziwani. Nilijiambia naenda kumwambia mama kabla hajasikia kwa watu. Njiani niliyapanga maneno yangu vizuri, na nilipomwona amekaa chini ya kanga na vyungu vyake kwenye nyasi kavu, yote yakayeyuka. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumsaidia kuuza. Mteja anagonga chungu kwa kucha, anasikiliza, anapunguza bei, mama anakataa. Wafinyanzi wenzake wanapita wakimsalimia, "Mama Ambokile, ndaga, habari za kwako?" Anaitikia.

Mama Ambokile. Kaka ndiye alikuwa kifungua mimba, na jina lake ndilo mama analoitwa mpaka leo. Sijui kwa nini sikuwahi kuliwaza hilo nilipokuwa nashika ile simu. Nilipomkata kaka nilimkata na mama.

Hatua chache kutoka kwetu jamaa mmoja muuza kanda alikuwa amefunga spika kwenye betri ya gari. Akamaliza upande wa kwanza. Nikamwona anageuza.

Nilisimama nikitaka kumwendea, nimwombe aweke kitu kingine, hata kwaya. Mama akanishika pindo la kitenge. Mkono wake mwingine ulikuwa umeganda kwenye kamba ya nyasi ya kufungia vyungu, kichwa kimeinama upande. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika, inaenea sokoni kote. Wapagazi wawili wakaanza kucheza. Mwanamke mwenye beseni la dagaa naye akatikisa mabega.

"Huyo ni mimi," mama akasema.

Nikaona aibu ya watu kucheza. Nikaanza kusema nitawanyamazisha. Akanikatiza, "Waache wacheze. Kaka yako si tulimzika kwa ngoma? Au umesahau kwenu?"

Akasikiliza tena. Kikengele kikalia, ting. Kikalia tena.

"Na hiki kikengele ni nani?"

Nikamwambia ni kinanda tu, mama.

"Kinanda nakisikia. Nauliza kimekaa mahali pa nani."

Mama hakuningoja nijibu. Kikengele kilipokaribia tena alivuta pumzi akaita, kwa sauti ileile ya alfajiri za Jumamosi: "Ambokile!" Watu wakageuka. Wenzake wanaofinyanga naye wakamtazama, wakatazamana, na kilipolia tena wakaita pamoja naye. Wapagazi walidhani ndivyo wimbo unavyoimbwa, nao wakaitikia kwa nguvu huku wanacheza. Muuza kanda akafurahi, akaurudisha mwanzo. Mstari mzima wa wauza vyungu ukamwita kaka yangu kila mahali nilipomtoa, na mdundo haukuvutwa nyuma hata kidogo.

Mimi peke yangu sikuita.

Ulipokwisha mama alijifuta uso kwa kanga. Sikujua kama ni jasho au machozi, nadhani vyote. Akauliza yule kijana aliipata wapi sauti yake.

Nikasema, "Sijui, mama."

Jamani. Ndivyo nilivyosema.

Akafikiri kidogo. "Basi ni mjomba wako. Ile kanda uliyompelekea Karonga ameigawa. Pasaka akija nitamwuliza. Msiba wa mtu haugawiwi kama karanga." Aliyasema kwa upole, kwa huzuni ya mtu aliyeangushwa na ndugu yake wa tumbo moja. Na mimi nikamwacha mjomba abebe. Mjomba ambaye, nasikia, akimaliza kuisikiliza ile kanda huifunga kwenye kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati, pembeni ya Biblia.

Halafu mama akachukua chungu kidogo cha mboga akaenda kubadilishana na muuza kanda. Akarudi na kanda yake mwenyewe, mpya. Miwani hakuwa nayo, akaniwekea kava mkononi. "Nisomee yote, nijue ni watu gani."

Nikasoma. Majina ya nyimbo. Jina la studio. Shukrani kwa Mungu, kwa mama mzazi wa Kasumulu, kwa wapigaji wenzake. Nikafika kwenye ule mstari wa chini wenye herufi ndogo.

Nikauruka.

"Basi?" mama akauliza. "Hakumshukuru mtu yeyote wa huku kwetu?"

"Hakuna, mama."

Akatikisa kichwa. Akasema labda kijana alisahau tu, vijana wana haraka, na kama kuna mtu anayefahamiana naye amwambie jina la Ambokile lipo, aliweke, halina uzito wowote. Kisha akanifungia samaki wa kuja nao mjini, akachagua wale wakubwa. Wako hapa chini ya meza yangu. Harufu yao imejaa dukani na sijaweza kuwagusa.

Nimekuwa nikijiuliza tangu nishuke kwenye pikapu: ningemwogopa mama kwa lipi? Angenipiga? Angenifukuza? Mama yule aliyewaruhusu wapagazi wachezee kilio chake? Hapana. Naogopa atanitazama kwa macho aliyokuwa nayo leo akimtaja mjomba, kwa upole uleule. Na naogopa, niseme na hili maana nimeshavua nguo zote, kwamba nikiungama nitapoteza ule mstari mdogo kwenye kava. Kwamba kuna sehemu yangu bado inautaka. Niliusoma tena kwenye kava yangu ndani ya pikapu, nikijificha kwa abiria wenzangu.

Basi, maoni yangu kuhusu kanda mpya ya Masafa ndiyo hayo. Besi nzuri, ngoma zina nyama, wimbo wa tatu hapana. "Mzigo" ndio wimbo wake bora, ila una kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo si yake. Ni ya mshauri. Nimeshamwandikia barua pepe kumwambia nilimdanganya, jina halikuwa linavunja kitu. Sijui atajibu nini. Kanda zimeshasambaa, huwezi kukusanya maji yaliyomwagika.

Lakini wewe unayesoma hapa, ukiwa Kasumulu, Katumba Songwe, Talatala, au huko mbali ambako blogu hii hufika: ukifika upande wa pili, wimbo wa kwanza, kikengele kikilia, kuna mtu mahali pale. Anaitwa Ambokile. Alikuwa utingo, alikuwa anacheka kwa pua, alikuwa akibeba vyungu vya mama bila kuvunja hata kimoja. Mwite.

Mvua imepungua. Kesho baada ya ibada, pikapu ikikosekana nitapanda baiskeli, matope au bila matope. Nitamwomba mama anipe ile kava, nikae karibu naye, nimsomee tena tangu juu. Na nikifika mstari wa mwisho nitausoma.