Kila Baada ya Dakika Kumi

Dada yangu,

Wanao hawajambo? Huku tunasukuma siku. Paka kazaa ndani ya kapu la nguo.

Ile kompyuta uliyoniachia inajizima na kujiwasha yenyewe. Nikikaa tu kujaza fomu ya kazi, pu! Kioo cheusi. Nimepangusa vumbi, nimebadilisha betri, wapi! Shemeji yako anasema, "Mzee huyo kachoka, mwache apumzike."

Jana alipotoka nikaipeleka kwa fundi. Kaipekua, kacheka. "Mama, hii haiumwi. Kuna mtu kaipangia ijizime kila baada ya dakika kumi. Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Dada, nyumba hii ina watu wawili na paka.

Fundi alitaka kuifuta hiyo amri. Nikamwambia aiache vilevile. Sasa ikijizima naguna kwa sauti, na shemeji yako ananipa pole.

Fomu nimeijaza kwa mkono, imo humu kwenye bahasha. Nipelekee wewe. Simu zako shemeji yako hutaka nizipokee kwa spika, kwa hiyo wakinikubali, niulize tu kama watoto wa paka wameshafumbua macho.

Mdogo wako,
kitinda mimba