Mashua ya Mtu Mmoja

Baba,

Kisiagi chako cha unga kinaunguruma nikikuandikia na meza yote inatetemeka, kwa hivyo ukiona herufi zinayumba usidhani ni machozi. Kidogo ni machozi, sitakudanganya, lakini mengi ni injini yako. Wateja wamepungua jioni hii. Nimekaa pale pale ulipokuwa unakaa, kwenye kile kiti cha gari ulichokitoa sijui wapi, na unga umenijaa mpaka kwenye kope. Akina mama wakileta mahindi yao wananiita Mzee, eti nimechukua kiti na nimechukua na sura. Mimi naitikia tu, nitafanya nini.

Habari za huku Kiminini ni nzuri kiasi. Nguzo za stima zimefika mpaka upande wa soko, na kila mtu anasema mwakani tutasaga kwa stima. Wewe ungecheka, maana hiyo mwakani tumeisikia tangu nikiwa darasa la nne. Mama yuko sawa. Anakula, anaenda kanisani, ameanza tena kugombana na kuku. Wiki za kwanza baada ya kukuzika kule nyumbani Kanduyi alikuwa hata hagombani, na hapo ndipo niliogopa. Sasa nina habari yake kubwa ya kukupa, na ndiyo imenifanya nichukue kalamu. Lakini lazima nianze na mashua, na najua ukisikia mashua utavuta kiti karibu.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza? Ilikuwa Jumapili, injini imezimwa, wewe umeegemea ukuta na redio imebanwa sikioni kwa sababu bila hivyo hukuwa unasikia kitu. Mtangazaji akasema kuna mama fulani mzungu amezunguka bahari zote akiwa peke yake ndani ya mashua, anasukumwa na upepo, na taa na redio yake vinapata stima kutoka kwa jua na pangaboi dogo la upepo lililofungwa nyuma. Injini ipo lakini hakuitumia. Ukaketi wima. Ukaniuliza kama nimesikia vizuri, kama ni kweli wamesema hakuchoma dizeli kabisa. Nikasema ndiyo Baba, wamesema. Ukaiacha chai mpaka ikapoa. Halafu ukasema, "Nafula, mimi naweza hiyo."

Mimi nilicheka, Baba. Mtu wa Kanduyi aliyehamia Kitale kulima mahindi, mtu ambaye maji mengi zaidi aliyowahi kuingia ni ya karai, ati anaweza hiyo. Lakini wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda kuangalia mbao.

Nataka kukumbuka yote leo. Nataka kukumbuka ulivyokuwa unarudi kutoka Kitale mjini na vipande vya vyuma umevifunga kwa gunia, umevinunua kwa wale wauza vyuma vikuukuu wa Kipsongo. Dinamo ya baiskeli ukaitoa huko, na mapanga ya kushika upepo ukayakata kutoka kwa paipu ya maji ukiyachonga kwa kisu cha Mama cha kukatia mboga za sukuma. Betri ilikuwa ya pikipiki. Sola ilikuwa ile ndogo iliyotuwashia taa sebuleni. Uliishusha kutoka kwenye paa na sisi tukarudi kwa koroboi mwezi mzima. Wewe uliita "sora", na mashua uliita "meri", na mtu akikusahihisha ulimwambia meri ni meri bana, wewe umejenga yako ukaitaje?

Na ilikuwa nzuri. Sisemi hivyo kwa sababu umekufa. Ubao wa sipresi, umepakwa lami chini, mitungi ya plastiki imefungwa pande zote mbili ili isije ikapinduka, na mlingoti wa mkaratusi. Siku ulipofunga taa ndogo, kale kataa kako, juu ya mlingoti na upepo wa mchana ukazungusha mapanga, kakawaka. Kalikuwa kanawaka na kufifia, kanawaka na kufifia, mchana kweupe. Ulitazama hako kataa kama vile ulivyomtazama mjukuu wako wa kwanza. Ulizima injini ya kisiagi wateja wakiwa kwenye foleni, ukawaambia waje waone. Waliona. Wengine walisema Mzee amerukwa na akili, lakini waliona.

Tatizo lilikuwa tanga. Wewe Baba, kweli. Ungeweza kushona magunia. Ungeweza kuomba hema la kanisa lililochakaa. Ukachukua turubai letu la kuanikia mahindi, lile kubwa, ukalikata, na mwezi wenyewe ni wa Novemba. Ulisema mvua imeisha. Mahindi yote yalikuwa yamemwagwa uani juu ya vipande vilivyobaki wakati lile wingu lilipotoka upande wa Mlima Elgon. Tulikimbia na makarai na mashuka ya kitanda. Mama alikuwa anazoa mahindi kwa mikono, mvua inampiga mgongoni, na wewe umesimama katikati ya uwanja hujui ushike nini. Yaliota, yale mahindi. Mwaka huo tulikula ugali unanuka ukungu, na kila tukikaa mezani Mama alisema, "Haya, kuleni meli."

Sasa tunacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Lakini mvua Mama aliisamehe. Kuna jambo lingine hakusamehe, na sidhani kama wewe ulijua. Ilikuwa baada ya mavuno, siku ya kutengeneza kiti ndani ya mashua. Mama alikuja na chai akasimama akaangalia, na nakwambia Baba, siku hiyo uso wake ulikuwa umelegea kidogo, alikuwa amekuja kwa wema. Akakuuliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Wewe hukuinua hata kichwa. Ulisema mashua ni ya mtu mmoja. Ukaanza kumweleza kwamba wale watu wa redioni huenda peke yao, kwamba ukibeba mtu haihesabiwi, kwamba utaanzia kwenye bwawa la shamba la zamani la mzungu, ukishazoea uende Port Victoria uvuke ziwa mwenyewe. Uliongea sana. Mama aliweka kikombe chini akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuikaribia mashua tena. Akianika nguo alizunguka nyuma ya choo ili asipite pale.

Kisha ikaja ile asubuhi ya presha. Ulianguka kando ya injini, bado inaunguruma, na kwa kelele ile hakuna aliyesikia ukianguka. Tulikukimbiza hospitali ya Kitale kwa gari la jirani, na ukatuacha kabla jua halijasimama vizuri. Mashua haikuwa imegusa maji hata mara moja.

Mazishi yako yalijaa, usiwe na wasiwasi. Walikuja hata wale uliogombana nao juu ya mpaka. Lakini wazee waliposimama kuzungumza, Baba Mkubwa alisema ndugu yake alikuwa mtu mzuri, ila alijenga mashua mahali hakuna maji, na watu wakacheka. Walicheka kwa upendo, najua. Hata hivyo mimi nilitamani ardhi inimeze. Na siku ya kunyoa nywele kumaliza msiba, vitu vyako vilipogawanywa, koti likaenda kwa huyu na baiskeli kwa yule, Baba Mkubwa akasema zile mbao za mashua kule Kiminini zibomolewe zitengenezwe stoo ya mahindi, kwa sababu mjane atavuna na hana pa kuweka. Wazee wote wakakubali. Wakamgeukia Mama. Mama akasema, "Bomoeni."

Nilimfuata jikoni nikamwambia Mama, hapana. Hapo ndipo aliniambia. Alikuwa anachochea moto, na alisema akiwa amenipa mgongo. Alisema, "Nimeishi na huyu mtu maisha yangu yote. Nimemzalia, nimemzikia wazazi. Na ndoto yake moja tu duniani ilikuwa kwenda mahali mimi siko." Baba, mimi mwenyewe nilikukasirikia wakati huo. Nilitaka kuja kwenye kaburi lako bichi nikuulize kwa nini hukuinua kichwa siku ile.

Nilichofanya ni kumwomba Baba Mkubwa tuipeleke mashua majini mara moja tu kabla ya kuibomoa. Alisema si ni mbao tu. Nikasema basi zioge. Akacheka akakubali, na akasema atakuja mwenyewe na fundi, ili tukitoka bwawani waanze kung'oa misumari papo hapo.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Tuliibeba kwa trela ya trekta, tanga lako limefungwa kwa kamba, bado lina vumbi la mahindi kwenye mikunjo. Mama alikuja kwa sababu nilimwambia nahitaji mtu wa kushika chakula. Alikaa juu ya nyasi mbali na wengine, kikapu mapajani.

Na ikaelea! Sijui kama huko mliko mnaambiwa mambo haya, ndiyo maana nakuambia mimi. Maji yaliingia kidogo upande wa kushoto, kisha mbao zikafura na yakaacha. Tuliifunga kamba ndefu ya katani, kwa sababu hakuna kati yetu anayejua kuendesha kitu kama hicho, na mpango ulikuwa niingie mimi, upepo univute mpaka kamba iishe, halafu wanivute nirudi. Nilikuwa nimeshavua viatu. Baba Mkubwa ameshika kamba, fundi ameshika nyundo yake.

Mama akainuka. Akaweka kikapu chini, akapandisha leso yake, akanipita bila kuniangalia, akaingia. Nilitaka kumwambia Mama hujui kuogelea, lakini hata mimi sijui. Alikaa kwenye kile kiti chako akashika ubao huku na huku. Akasema, "Legezeni."

Tanga likashika upepo, Baba. Halikujaa vizuri, lilikuwa linapigapiga kama nguo kwenye kamba, lakini mashua ilienda. Mapanga yako ya paipu yakazunguka. Mama akawa mdogo, mdogo, mpaka kamba ikakaza katikati ya bwawa, na akabaki pale. Baba Mkubwa aliuliza tumvute. Mama akapunga mkono, hapana. Tukangoja. Baba Mkubwa akauliza tena baadaye, na yeye akapunga tena bila kugeuka. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, anatazama maji. Fundi aliishia kukaa kwenye nyasi akala chakula chetu chote.

Tulimvuta jua lilipokuwa limeshainama. Nilimshika mkono atoke na mkono wake ulikuwa baridi. Nilifikiri atalia, au atatukana, kwa Mama chochote kinawezekana. Alisimama kwenye tope akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kule ni kimya. Hakuna kitu kinanguruma kabisa." Halafu akanitazama, na Baba, sijawahi kuona uso wake vile. Akasema, "Nafula, huyu mtu hakuwa amenichoka mimi. Alikuwa amechoka na kelele."

Nikalia mimi. Nililia mpaka Baba Mkubwa akaanza kukohoa na kutazama mbali. Fundi aliinuka na nyundo akauliza waanzie wapi, na Mama akamwambia hizo mbao haziguswi, na kama shemeji yake anataka stoo, sipresi imejaa Kitale, akakate. Hakuna aliyembishia. Mashua iko uani sasa hivi na Mama anaanika nguo zake kwenye mlingoti wako.

Nimezima injini, Baba. Umeisikia ilivyonyamaza? Kwa miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunatoka, tunaenda shuleni, sokoni, kanisani, na wewe unabaki humu ndani ya huu mngurumo ili sisi tule. Ulipotaka mahali pa kupumzisha masikio ulikosa maneno ya kutuambia, na sisi tukadhani unatukimbia. Ungesema tu. Lakini hukuwa mtu wa kusema, na nakupenda hivyo hivyo.

Basi pumzika, mzee wangu. Nadhani huko ni kimya. Desemba tutakuja Kanduyi kupalilia kaburi, na Mama ana mambo mengi ya kukuambia. Nimemsikia akiyapanga akiosha vyombo. Nakuahidi nitamfikisha mpaka kwenye kaburi lako, nitamwekea kigoda, kisha nitakwenda kukaa kwa Baba Mkubwa na watu wote. Nitawaacha nyinyi wawili peke yenu, na sitaruhusu mtu yeyote amwite mpaka amalize.

Mimi mtoto wako,
Nafula