Tiketi ya Priska Imeshuka Bei

Jumatano, 26 Novemba 2003
Hosea wa ofisi ya tiketi kanipigia shuleni. Tiketi ya mdogo wangu Priska, niliyoilipia mwezi uliopita, imeshuka bei! Shirika lile lile, London hadi uwanja wetu wa KIA. Ila hafiki tarehe 13 Desemba, anafika tarehe 20. Tukifuta ile ya kwanza na kukata mpya, hata wakikata faini zinarudi dola mia moja sitini na tano. Nikasema nifikirie kwanza. Akacheka — Mwalimu, Mchaga gani anayefikiria mbele ya pesa?

Wiki moja tu. Baba ana vidonda mgongoni kwa kulala, godoro lake limekwisha kabisa. Mshahara wangu na pesa ya kahawa vyote vimeishia kwenye tiketi. Hizo zikirudi ni godoro zuri, na chenji inabaki.

Alhamisi, 27 Novemba
Saa nzima kwenye intaneti mjini. Priska amejibu: sawa dada Theo, mradi Krismasi inikute nyumbani. Baba anaendeleaje?

Nimemwandikia kwamba anaendelea vizuri, ni uchovu wa uzee tu, atakuja mwenyewe kumpokea uwanjani. Ndivyo tulivyokubaliana na Mama tangu Agosti. Aliye ugenini haambiwi ugonjwa. Akijua, atafanya nini peke yake kule? Daktari alisema ini. Neno hilo sijaliandika popote ila hapa.

Nimesaini fomu ya tiketi mpya. Hosea anasema pesa huchukua wiki mbili, tatu kurudi.

Jumapili, 7 Desemba
Nimepanda nyumbani Kilema baada ya misa kumweleza Baba. Nilidhani atafurahi, yeye ndiye aliyenifundisha kubana senti. Alihesabu siku kwa vidole, akarudia tena toka mwanzo.

Mama alikuwa ameshapika ndizi za mbege, pombe ya kumpokea Priska. Baba akasema hiyo itachacha kabla mtoto hajafika, waiteni majirani wainywe, mpike nyingine. Mama hakunitazama. Aliosha sufuria muda mrefu sana.

Jumamosi, 13 Desemba
Leo ndiyo angefika.

Majirani walikuja, mbege ikanyweka. Baba aliomba kuonja, nikampa kijiko kimoja. Jioni tukasikia mlio wa ndege. Akauliza, hiyo ndiyo yake? Nikasema bado Baba, Jumamosi ijayo. Akasema, wewe na hesabu zako. Akatabasamu. Afadhali angenigombeza.

Nimempigia Hosea. Pesa bado.

Jumatano, 17 Desemba
Baba yuko vibaya. Hataki kula chochote, hata mtori wa ndizi anaukataa. Nimekwenda kumwomba Hosea amwahishe Priska, hata kwa siku mbili. Ndege zimejaa, halafu tiketi ya bei hii haibadilishwi tarehe. Alinionyesha mstari wenyewe kwenye fomu, kwa kalamu. Upo. Niliusaini bila kuusoma, mimi mwalimu.

Kumpigia Priska nimeshindwa. Nianzie wapi, baada ya uongo wote ule?

Ijumaa, 19 Desemba
Baba amefariki saa kumi na moja alfajiri. Aliuliza leo siku gani. Nikasema Ijumaa. Akasema, basi ni kesho.

Saa nne Hosea akapiga, ana furaha — Mwalimu, pesa zako zimetoka! Nikashuka mjini. Nikazipokea, nikavuka barabara, nikalipa jeneza. Chenji imebaki.

Baba mdogo Sirili ameamua Priska asiambiwe. Yuko njiani peke yake, ataambiwa akifika. Sikubisha. Nimechoka na mimi.

Jumamosi, 20 Desemba. KIA
Naandika hapa kwenye benchi, mikono inataka kazi.

Asubuhi wanaume walikuwa kihambani, shamba letu la nyumbani, wakichimba kaburi, pale kwenye migomba ya juu, jirani na kaburi la babu. Mama akaenda kwenye ua, akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Mpe kabla hujafungua mdomo, alisema. Isale halikataliwi, atakusamehe. Nikamwuliza, na Baba je, naye nimpe lipi? Akaniambia nenda, utachelewa.

Ndege imetua. Namwona kupitia kioo, anasubiri mzigo. Amenenepa, amependeza. Ameniona! Ananyanyua kofia ya sufu, mpya, anaivaa, anaivua, anacheka. Kamletea Baba hiyo.

Isale bado limo mkobani. Sasa anachungulia nyuma yangu, kushoto, kulia. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba Baba atakuja mwenyewe.