Namba ya Hewa ya Shimo Letu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu 2019

Mutoto wangu Aimée amebusu mashine! Sasa hivi. Nimegeuka tu kuchochea kuni, nikasikia mwaa! — kioo chote kimejaa buyi ya masaka, uji wake wa asubuhi. Nimefuta na kitenge mbio mbio kabla Camille hajarudi. Namba bado inaonekana. 182. Aksanti Mungu.

Sasa niandike vizuri, maana leo iko siku kubwa.

Camille ni fundi wa simu na redio, mutoto wa Butembo. Dada yake Kavugho njo mwenye duka kule sokoni. Jana ametoka Goma na kibao kidogo cha kijani, ukubwa wake kama viberiti viwili. Kina kioo, kina pili kama ya redio, na vitiyo viwili vyembamba kama mipira ya sérum ya hospitali. Kitiyo kimoja amekiingiza ndani ya tiyo kubwa, ile nyeupe inayopeleka hewa mu shimo. Cha pili amekiacha nje tu, kinaning'inia, kinapumua hewa yetu ya bure. Mashine inalinganisha: hewa ya ndani inasukuma kupita ya nje kwa kiasi gani? Tofauti yao njo namba. Yeye anasema presio, anahesabu kwa paskale. Mimi naiita namba ya hewa.

Archange, bwana yangu, anachimba mawe ya madini kule chini, mita makumi sita. Bila tiyo ile, hakuna hewa. Mwaka jana, shimo la ngambo, tiyo ilipasuka na hakuna aliyejua. Wanaume wawili walitolewa wamebebwa kama mifuko ya mihogo. Walipona. Lakini tangu siku ile, kila bwana yangu akishuka, mimi napumua nusu.

Ventilateur, ile feni ya kusukuma hewa, na groupe, jenereta yake ya umeme, vinakaa nyuma ya jiko langu, hatua makumi ine toka shimo, ili moshi wa groupe usiingie kwa watu. Halafu mbele ya shimo kuna kamba. Mwanamuke hapiti kamba. Wanasema akipita, mawe yanakimbia. Sijaona bado jiwe lenye miguu, lakini sipiti.

Basi Camille akauliza nani atachunga namba. Wanaume wote wakaangalia mawingu. Kila mutu anataka kuchimba! Papa Munyakazi, mukubwa wa shimo, akasema: "Si Mama Aimée iko pale pale? Apike, achunge." Kama vile namba ni sufuria ya maharagwe.

Nimekubali. Haraka sana nimekubali! Sheria ya Camille: namba ikishuka chini ya mia moja, nigonge sufuria kwa nguvu, watu watoke. Amenipa daftari ya kuandika namba. Hii ingine ni yangu mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6

181. 183. 180. Saa sita 182.

Archange hajawahi kuniandikia barua, ata wakati wa uchumba. Sasa naona kama ananiandikia kila saa. Niko muzima. Niko muzima. Niko muzima.

Jirani yangu Mukandori amepita na ndizi zake. Ananiona nimeinamia kioo. "Ee Mama Aimée, unatazama kama mutu anangojea simu ya mupenzi!" Nikamujibu: njo simu yake hii, na haimalizi crédit. Amecheka mpaka akakalia ndizi.

Ngambo ya kilima, risasi. Za mbali, kidogo tu. Aimée anaonyesha kidole: "Pu! Pu!" Camille amerudi Goma mbio kabla barabara ya Sake haijafungwa. Ameniachia namba yake ya simu. Kichwani mwangu sasa kuna namba nyingi kupita nywele.

Jumamosi, tarehe 9

Imepanda! Saa tatu ilikuwa 184. Saa ine — 290!

Nimepiga kelele, na Papa Munyakazi ameruka kamba kuja kuona. "Mbili mia na makumi tisa! Hewa imezidi! Shimo limebarikiwa!" Amecheza, na tumbo lake limecheza nyuma yake. Wengine wakapiga mikono. Mimi pia nimefurahi, nimechora ua kando ya namba mu daftari.

Jioni. Archange ametoka na kichwa kinamuuma. Amekaa, hakumuinua Aimée juu kama kawaida. Anasema chini leo ilikuwa moto, kama kulala umejifunika blanketi mpaka kichwa. Nikamuambia, lakini hewa ilikuwa nyingi, ona, 290!

Hewa nyingi, na yeye hana hewa. Nimefuta ua.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Misa. Padri amehubiri vizuri, sijasikia hata neno moja. 290, 290.

Nimerudi kupika. Moto hautaki. Nikachukua chuma changu cha kupulizia, kile kipande cha baiskeli ya zamani kilicho wazi ndani, nikapuliza — mashavu yamejaa kama chura! Macho karibu yatoke. Aimée amecheka mpaka ameanguka chali. Na moto? Haukutikisika. Majivu yalikuwa yameziba kule mbele.

Nikaacha kupuliza. Nikakaa chini, chuma mukononi.

Mashavu yangu yalikuwa na presio nyingi! Mashavu! Moto haukupata kitu. Na kitiyo cha Camille kiko wapi? Kiko huku kwangu, karibu na ventilateur. Kiko kwenye mashavu!

Kwa hiyo namba ikishuka, tiyo ina tundu. Ikipanda, njia imezibwa mbele. Hapana kufurahi. Kuogopa!

Nimezibua chuma, nimepuliza tena. Mashavu laini, moto waaa! Nimerudia mara tano. Aimée anasema "Mama, ingine!" Archange amekuja kuuliza bibi yake amekuwaje. Nikamupa chuma, naye apulize. Nikaziba mbele na kidole. Mashavu yake! Halafu akasema pole pole: "Njo vile ilikuwa chini jana."

Jumatatu, tarehe 11

Nimewakamata asubuhi kabla hawajashuka. Ventilateur inazunguka, namba 291. Nimeita toka upande wangu wa kamba, wakaja kuzunguka kioo.

Papa Munyakazi: "Mama Aimée, presio ikipanda ni nguvu! Ata redio, ukiongeza, si inasikika?"

Mimi: "Papa, redio haina tiyo."

Wamecheka. Akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikasema nilimaliza primaire, na mwaka moja wa secondaire, halafu vita vikatutoa kwetu Kingi. Akasema, "Mwaka moja! Basi Profesa, tufundishe."

Nikasema. Papa, kanyaga tiyo hapa, karibu na jiko, na muguu wako mwenyewe. Akakanyaga. 300, 340, 395! Wote wakaona. "Sasa hewa imezidi?" nikauliza. Akaondoa muguu. 291. Akakanyaga tena. Akaondoa. Akakanyaga mara ya tatu, kama mutoto mu maji ya mvua. Hakuna aliyecheka tena.

Akavua kofia yake, akaishika. Akasema jina la Yesu.

Wamefuata tiyo ndani, pole pole, mikono yote ikipapasa. Kwenye kona ya pili, muti mumoja wa kushikilia ukuta ulikuwa umeteleza na kuilalia. Wakauinua. Mimi huku juu macho kwenye kioo: 291... 240... 200... 185!

Nimegonga sufuria kwa furaha! Wakaogopa, wakakimbia wote nje, nikawaambia hapana, ni furaha! Papa Munyakazi akaanza kuimba, wote wakaimba. Namba imeshuka na watu wanaimba!

Mchana Archange ametoka kula. Anasema upepo ulimupiga usoni kule chini kama juu ya kilima cha Kingi wakati wa mavuno. Amemuinua Aimée mara kumi. Nimehesabu.

Alhamisi, tarehe 14

Naandika hapa hapa karibu na mashine, kwa vipande, maana siwezi kukaa kimya.

Wamefungua njia mpya chini, ndefu zaidi, na inataka kipande kipya cha tiyo. Tiyo ya zamani wameishusha chini zaidi, na kipya wamekiunganisha nayo pale kwenye mudomo wa shimo na mipira ya baiskeli. Ventilateur imewashwa. Namba 140.

Si chini ya mia. Lakini si 184! Nimegonga sufuria. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wameacha kushuka mara moja! Nimepanda kule juu penye réseau ya simu, nimemupata Camille. Anasema tundu liko kwenye kiungo: nikipeleke kibao pale, nipime kabla ya kiungo na nyuma yake, na wao wakaze mipira mpaka namba mbili zikaribiane. Nikamuambia, pale ni ngambo ya kamba. Akasema basi apime mutu mwingine.

Amepima Papa Munyakazi. Dakika kumi. Halafu kelele: "Imekufa! Sifuri! Mashine imekufa!" Nikamuuliza kwa sauti ameweka vitiyo wapi. Vyote viwili ndani ya tiyo! Sasa ilinganishe nini na nini? Nimecheka mpaka machozi. Naye amecheka, kidogo. Amekirudisha, nimekiunga tena huku: 140. Haijakufa.

Sasa wanabishana. Nasikia karibu yote. Muzee mumoja anasema kamba ni kamba, mwanamuke akipita leo, kesho tunachimba udongo mutupu. Mwingine anasema, na tukifa kule chini mawe yatabakia ya nani? Mwingine anasema wanivalishe suruali, mawe hayatajua! Mukandori amesimama hapa kwangu, Aimée mugongoni mwake, anawajibu toka mbali: "Mawe yenu yana macho kupita nyinyi!"

Leo Archange njo mwenye zamu ya kushuka wa kwanza. Amekaa kwenye mudomo wa shimo, torshi kwenye paji la uso, miguu inaning'inia ndani. Moyo wangu! Huyu bwana yangu anaogopa kutaniwa kupita risasi. Na sasa amesema, sauti yake naijua ata gizani:

"Mimi sishuki kabla bibi yangu hajasoma namba."

Hakuna ata anayemutania. 140. 139. 140.

Papa Munyakazi amesimama. Anakuja huku — hapana, amebakia ku kamba. Ananiita. "Mama Aimée! Leta kibao, mutoto abaki kwa Mukandori!" Na naona muguu wake, ule ule wa Jumatatu, ameweka juu ya kamba, ameikanyaga mpaka kwenye udongo, anaishikilia pale ili nipite. Naenda!