Kikohozi cha Kuazima

Langas, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Natumai barua hii imekukuta umekaa kitako na chai mkononi, si umeinama kwenye maharagwe huku Nasimiyu akikusomea kutoka ukingoni mwa shamba. Kama ni Nasimiyu anasoma, basi wewe dada yangu soma vizuri, usiruke mahali popote, hata pale utakapojikuta umetajwa. Mimi niko salama. Jino lililokuwa likinisumbua limetulia. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama ama bado anawakesheza? Hapa mvua inanyesha kila alasiri, na tope la Langas unalijua, maana ulipokuja kunitembelea lilibaki na kiatu chako kimoja tukacheka mpaka majirani wakatoka nje.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Nikipiga, unaniuliza kama nimekula, unaniambia nisimalize salio, halafu unampa Senge, dada yake Papa, Senge anampa jirani, na jambo lililonifanya nipige linabaki palepale. Karatasi itakubidi uimalize.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka Wekesa ameniambia kwamba kwa harusi ya Nasimiyu mwezi wa Desemba umeamua aletwe DJ kutoka Bungoma. Ameniambia pia kwamba ulipoulizwa nani ataimbisha wanawake wakati wa kumtoa bibi harusi nyumbani, ulijibu kuwa nyimbo zako ziliisha siku Papa alipozikwa. Mama, niliposikia hivyo nililia kidogo pale stooni kazini, katikati ya magunia ya mbegu, nikajifuta, nikarudi kuwaandikia wateja risiti. Wewe ndiye uliyeimbisha harusi za kijiji kizima. Nilikuwa nimepanga nikubembeleze mpaka ukubali. Lakini kuna mtu hapa amenibadilisha mawazo, na lazima nikusimulie habari zake kwanza ndipo utaelewa ninachokuomba.

Unakumbuka nilikuambia nimejiunga na kikundi kinachopiga muziki kwenye harusi? Kiongozi wetu ni Mzee Njuguna. Ana duka mtaa wa Munyaka, la unga, sabuni na mafuta ya taa, na nyuma ya duka kuna ua mdogo tunapokutana Jumamosi nikitoka kazini. Yeye anapiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma ambacho wazee wa kwao Nyeri walikichezea walipokuwa vijana. Mpiga ngoma ni Kiplagat, ambaye siku za wiki anauza viatu sokoni. Mimi niko kwenye gitaa. Hebu fikiria, Mkikuyu, Mkalenjin na binti yako Mbukusu, na hakuna anayezijua nyimbo za mwenzake vizuri. Mzee anasema hiyo ndiyo bahati yetu, kwa sababu hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake kwamba anajua.

Siku ya kwanza nilitaka aone kwamba mimi si mchezo. Nilimpigia ule wimbo wa gitaa wa watu wetu ambao Papa alikuwa akiusikiliza redioni akinyoa ndevu. Nilijifunza kutoka kwa simu, nikirudia na kurudia mpaka vidole vikaota sugu. Nikaupiga wote bila kukosea. Pale katikati ambapo mwimbaji anakohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili, nami nikakohoa. Nilidhani ni sehemu ya wimbo. Mzee Njuguna aliweka kodiani chini akacheka mpaka mteja akaja kuchungulia kutoka dukani.

“Msichana wangu,” akaniambia, “hata kikohozi umeazima? Huyo jamaa pengine alikuwa na homa hiyo siku. Mrudishie kikohozi chake, upige na kifua chako.”

Nilikasirika, sitakuficha. Na hakuniachia hapo. Tangu siku hiyo, nikipiga kitu nilichonakili mahali, anaweka kiganja sikioni na kumuuliza Kiplagat ni nani huyo anakohoa. Kiplagat naye, mtu ambaye hajui kunyamaza, anasema ni mgonjwa fulani kutoka kwa redio.

Mafunzo yake ni ya ajabu. Jumamosi moja aliniambia nimwige kwa gitaa kuku aliyekuwa akivuka ua. Nikapiga kitu cha haraka haraka. Akasema huyo ni kuku wa nani anayekimbia hivyo, huyu wetu ameshiba, hebu mwangalie. Siku nyingine nilifika nimechoka, meneja alikuwa amenigombeza kwa sababu ya mifuko ya mbolea, nami nikajikaza nikapiga wimbo wa furaha. Akanisimamisha. Akasema nipige huo uchovu, kwa maana watu wa harusini pia huwa wamechoka, wamepika tangu asubuhi, na hawapendi kudanganywa na mtu mwenye gitaa. Basi nikapiga taratibu, nikaburuta miguu ndani ya wimbo, Kiplagat akaacha vijiti akawa anaigusa ngoma kwa vidole, na tukapata kitu kizuri ajabu. Wiki iliyofuata nikaomba tukirudie. Mzee akakataa, akasema ule uchovu ulikuwa wa Jumamosi ile, na leo naonekana nimelala vizuri.

Nikikosea hanigombezi. Anainua kofia kwa heshima na kusema mgeni ameingia bila kupiga simu. “Sasa utamfukuza? Ongeza maji kwa chai, akae.” Maana yake ni kwamba lile kosa nilishike, nilirudie, nilizunguke, mpaka lionekane lilialikwa. Kiplagat aliposikia hivyo akaanza kukosea makusudi ili asifiwe, na Mzee akamwambia huyo si mgeni, huyo ni mwizi amevaa tai. Nilipomuuliza kanuni zake hasa ni zipi, alisema ana kanuni moja tu, kwamba hasemi kitu kilekile mara mbili. Kisha akairudia.

Sasa nikupeleke Ziwa, kule mashambani nje ya Eldoret. Mwezi uliopita tulialikwa kwenye harusi huko, familia zote mbili ni za watu wetu waliohamia zamani kulima mahindi. Wazee walitaka nyimbo za nyumbani, kwa hivyo Mzee akasema siku hiyo niongoze mimi. Woga ulinishika. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwa nyimbo zetu mwimbaji anawataja waliokuja, anamsifu mtu kwa jina lake na kwao na mambo yake, mpaka mwenyewe anainuka kucheza. Mimi kwa woga nikajificha ndani ya ule wimbo wa simu. Nilifumba macho nikaimba kila neno nilivyolisikia, pamoja na majina yaliyomo. Nikamsifu mwalimu Barasa. Barasa aliyeleta ng'ombe wa mahari wakajaza boma, Barasa ambaye wasichana hawamsahau.

Nilipofumbua macho watu walikuwa wameacha kucheza. Hapakuwa na Barasa yeyote pale. Bwana harusi anaitwa Wanjala, na bibi harusi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliona shangazi wa bwana harusi akimgeukia bibi harusi, na bibi harusi akishika shela yake kwa mikono miwili. Ndipo baba mdogo wa Wanjala, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, akasimama akauliza polepole, “Huyu mwalimu Barasa alileta ng'ombe kwa boma gani? Tuambiwe sasa, kabla keki haijakatwa.”

Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Upande wa bibi harusi walisema hawamjui mtu huyo, upande wa pili wakauliza mbona basi wanamuziki wanamjua. Bibi harusi alianza kutokwa na machozi. Nilianza kueleza habari za simu, lakini kelele zao zikanifunika.

Mzee Njuguna akainuka na kodiani kifuani, akavua kofia, akatembea mpaka mbele ya yule baba mdogo. Akasema kwa ile lafudhi yake, “Mimi ndio huyo Mbarasa. Na hizo ng'ombe ziko njiani, zimechoka, zinapumzika Nakuru.”

Baba mdogo akaanza kutikisika mabega, na hema zima likaangua kicheko. Mzee alieleza kwa maneno machache kwamba binti huyu alimbeba Barasa kutoka kwenye simu kwa bahati mbaya, na kwamba bibi harusi hana deni na mtu. Kisha akanigeukia, na safari hii hakuwa na mzaha usoni.

“Sasa sifu watu wenye wako hapa. Fungua macho.”

Sikuwa na wimbo wowote. Nilianza na yule shangazi, ambaye alikuwa ameshika viatu mkononi kwa sababu vilimbana, nikamwimbia yeye na viatu vyake. Akacheka, akainuka. Nikamwimbia mpishi aliyesimama mlangoni na mwiko, amesahau kwamba wali unaungua. Nikamwimbia baba mdogo, mlinzi wa boma, ambaye keki haipiti bila maelezo, na huyo alicheza mpaka koti likamtoka. Nikamwomba bibi harusi msamaha, na yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti ya juu kuliko wote. Maneno yalikuja yenyewe, mengine Kibukusu, mengine Kiswahili, mengine hata sijui yalikuwa nini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Na katikati ya hiyo furaha nilisikia kitu. Kila mwisho wa mstari nilikuwa nalivuta neno la mwisho, nalishusha chini, kisha nalikata ghafla ili watu waitikie. Sikujifunza hivyo kwa simu. Ni wewe ulikuwa ukifanya hivyo, jikoni, kisimani, na kwenye kila harusi uliyoniburuta nikiwa nimeshika leso yako. Machozi yalinitoka nikiwa bado naimba. Mzee aliona, akavuta kodiani pole pole, akanipa nafasi ya kulia bila kuusimamisha wimbo.

Tukirudi nilimwambia kwamba hiyo sauti ni yako, nikamuuliza kama nayo nimeazima, na kama napaswa kuirudisha. Alifikiri kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

“Hiyo hukuazima,” akasema. “Hiyo ulilishwa. Lakini mwenyewe si bado yuko? Kuimba na yeye ni kuzuri kuliko kuimba kama yeye.”

Ndipo nikamweleza habari zako, na Papa, na DJ wa Bungoma. Nilidhani atanipa maneno matamu ya kukushawishi. Badala yake akaniambia habari zake. Mkewe alipofariki, hakuigusa kodiani kwa muda mrefu, na watu wa kanisa walimsihi mpaka akawa anajificha stoo akiwaona. Kilichomrudisha ni panya. Panya aliingia ndani ya kodiani, Mzee akaivuta ili amtoe, nayo ikatoa sauti mbaya sana, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza. Akaivuta tena. Anasema hakuna aliyemwomba siku hiyo, na ndiyo sababu iliwezekana. Kisha akaniambia nisikulazimishe, nipige tu, nikifika mahali pako ninyamaze, na usipoingia, watu wasikie kwamba hapo kuna mtu.

Kwa hivyo, Mama, sikuombi uimbe. DJ aje, vijana wacheze naye mpaka wachoke. Ninachoomba ni kwamba wakati Nasimiyu anatoka nyumbani, spika zizimwe, nipige mimi. Sitaandaa wimbo. Nitaimba nitakachokiona, na kila nikizunguka nitaacha mstari mmoja wazi. Huo ni wako. Ukiwa na hasira, weka hasira. Ukitaka kumwita Papa kwa jina na kumuuliza mbona ameacha binti yake aolewe bila yeye, muulize, tutaitikia. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, mimi nitaendelea na mstari unaofuata na hakuna atakayekulaumu. Senge asije akaujaza mstari wako kwa huruma, maana namjua.

Nisalimie Senge, umwambie kwamba namheshimu sana hata baada ya hayo niliyoandika hapo juu. Nisalimie kaka yangu Wekesa, ambaye habari hazilali kwake. Msalimie pia mama mchungaji, na jirani yetu anayekusaidia kukamua ng'ombe goti likikuuma. Nasimiyu, wewe bibi harusi, usilie ukisoma hapa, utaharibu wino. Mzee Njuguna na Kiplagat watakuja nami, na Mzee anauliza kama ni kweli kwetu kuku anapikwa akiwa mzima mzima.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu yeyote, hata Mzee. Naogopa. Naogopa nitafika mahali pako na utanyamaza, na Nasimiyu atapita langoni hivyo. Lakini siku moja, Mungu aiweke mbali, nitaimba mahali na nitafika kwenye mstari wako na wewe hutakuwepo hata kama ungetaka. Siku hiyo sitaki niwe mtu ambaye hakukuachia nafasi ulipokuwa umesimama hapo karibu yangu, hai, na leso yako begani.

Ni mimi binti yako, nitakayekungoja mwisho wa mstari,

Nafula